Mwanga wa Upande wa Kushoto

28 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeniaga na kazi inakwenda. Nyinyi je, mmeamkaje huko? Goti lako linasemaje na baridi hii? Mwambie mkaza mjomba sweta alilonifumia nalivaa kila siku ndani ya sare, na msimamizi hajaligundua.

Naandika kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu hapa. Watanicheka au watanihurumia, na sijui kibaya zaidi ni kipi.

Tangu niliporudi kutoka kwenu nimekuwa nikikaa kila asubuhi kama ulivyonifundisha. Mto chini, mgongo wima, naangalia pumzi ikiingia na kutoka puani, basi. Mwanzoni niliona tu takataka zangu: viatu ninavyovitaka, maneno ambayo ningemjibu msimamizi kama ningekuwa na ulimi mkali. Nikasema sawa, mjomba alisema itakuwa hivyo. Kisha mambo yakageuka. Ilianza mikono. Nilihisi viganja vinavimba, vinakuwa vikubwa kama mito ya kulalia, mpaka nikafumbua jicho moja kuhakikisha. Vilikuwa vilevile, vimelala mapajani. Siku nyingine nikahisi nimeinama upande kabisa, nusura nianguke. Kufumbua macho, nimenyooka kama mlingoti.

Halafu Jumapili mwili ukapotea. Sikuumwa, sikusinzia. Pumzi ilikuwepo, lakini aliyekuwa anapumua sikumwona mahali. Unakumbuka nilivyokueleza tunavyokunja mashuka pale kwenye kiwanda cha kufulia? Mimi nashika ncha mbili, mwenzangu Twiga anashika mbili, tunalikung'uta, na shuka linajaa hewa na kuelea kidogo kabla ya kushuka. Ilikuwa hivyo. Macho nimefumba, weupe ukafunguka mbele yangu, laini, una joto, lakini haukushuka. Ulibaki juu. Machozi yakanitoka na sikuwa na huzuni.

Nilipoinuka ulikuwa umeondoka, nikala na kulala kama siku zote. Mjomba, hivi ni kichaa kinaanza? Kama mama angekuwa hai ningemuuliza kama kipo kwenye ukoo wenu. Nikome? Nijibu upesi, na usinifiche.

Mpwa wako,
Chiriku


5 Februari

Chiriku, mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Goti linalalamika kama kawaida yake, nami silijibu. Mkaza mjomba wako anasema sweta lifuliwe kwa maji ya baridi, hata kama wewe ni mtu wa dobi na unajidai unajua.

Tuanze na hofu, maana hofu haipendi kukaa foleni. Huna kichaa. Kwenye ukoo wetu kuna ubishi, kuna vipara, na alikuwepo babu yako aliyekuwa akigombana na redio. Kichaa sikumbuki.

Sasa nikueleze, na univumilie, nimefundisha jiografia maisha yangu yote na siwezi kutaja mto bila kuanzia kwenye chemchemi. Mikono yako unaijua kwa sababu inasogea. Inashika, inakuna, inagusa. Ukiituliza kabisa, akili inakosa habari zake mpya, na akili ikikosa habari hukisia. Wengine hukisia mikono mikubwa, wengine hukisia hakuna mikono. Ndiyo kuinama huko, ndiyo kupotea kwa mwili. Wafuasi wa Budha wameyaona hayo tangu zamani, watawa na watu wa kawaida wenye kazi na watoto kama sisi. Na huo weupe, yule mtawa mzee aliyetufundisha hapa aliuita ishara. Alisema mwingine huuona kama pamba, mwingine kama mwezi nyuma ya wingu, mwingine kama moshi. Kwako umekuja kama shuka. Kila mtu hupewa kwa lugha ya kazi yake. Maana yake ni kwamba akili imetulia mahali pamoja, kama maji ya ndoo yanavyotulia ukiacha kuibeba.

Mtawa alikuwa na maswali matatu kwa kila aliyemjia na habari za mwanga. Unauona macho yamefumbwa? Ukiinuka, unaondoka? Unakula, unalala, unafanya kazi yako kama watu? Ukijibu ndiyo mara tatu, rudi kwenye mto wako. Barua yako imejibu ndiyo zote.

Lakini usiufuate. Hilo ndilo kosa la watu wote. Paka wa jirani akikaa dirishani kwako, mwache. Ukiinuka kumshika, umeshamkosa.

Sasa nikucheke kidogo, au nijicheke mwenyewe. Chiriku, wewe uliyeitwa jina hilo kwa sababu hukunyamaza hata ukiwa na chakula mdomoni, umekaa wiki tatu ukafunguliwa mlango. Mimi nakaa tangu hujazaliwa. Kile chumba chetu cha juu, juu ya duka la samani, nimekipanda ngazi mpaka ngazi zimenizoea. Mwenzetu fundi saa alipata mwanga mwaka wa pili. Mwenye duka mwenyewe alilia kwa furaha mpaka tukamtafutia kitambaa. Mimi nikiinuka, nainuka na njaa. Nilimlalamikia mtawa enzi za uhai wake. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unakaa kama mtu anayesubiri basi." Nilijirekebisha. Siku hizi nasubiri bila kuangalia saa.

Sitakuficha, nimekuonea wivu. Ningependa kuuona mara moja tu kabla sijafa, nijue kwamba mlango upo kweli na sikuwa nimekaa mbele ya ukuta. Nilimsomea mkaza mjomba wako barua yako. Alisema kama ni mwanga tunautaka, swichi iko ukutani.

Kaa, mwanangu, na ule vizuri.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hapa salama, natumaini na kwenu salama. Barua yako niliisoma mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kuchanika.

Uliniambia nisiufuate. Niliufuata. Sikukusudia, lakini nilikaa siku ya pili nikiwa kama mtu aliyefua na kupiga pasi kwa ajili ya mgeni. Hakuja. Nikakaa muda mrefu zaidi, nikabana macho, nikajaribu kulikumbuka lile shuka lilivyofunguka. Kilichokuja ni maumivu ya kichwa. Kazini nikawa napeleka shuka kwenye mashine ya kunyoosha huku nimefumba macho nusu, natafuta. Twiga akanishika kiwiko. "We Chiriku, mvuke huo hauna shemeji." Kidole changu kilikuwa karibu kabisa na rola ya moto. Wenzangu wanasema siku hizi nimekuwa kimya, lazima nina mchumba. Dereva wa gari la hospitali, yule anayetuletea mashuka machafu na habari chafu zaidi, anataka kujua mchumba mwenyewe ana kazi gani.

Nikaona aibu, nikaacha kuutafuta. Sasa nakaa tu, na siku zingine kuna utulivu, siku zingine kuna viatu. Naona huo wivu wako ungefaa upungue, maana tumelingana.

Lakini nakuombea, mjomba. Kweli nakuombea upate wako. Sidhani kuna mtu ameusubiri kwa heshima kama wewe.

Mpwa wako,
Chiriku


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujasema. Natumaini kidole kizima. Mimi ni mzima kuliko nilivyopata kuwa, na nakuandikia kabla chai haijapoa kwa sababu wewe ndiye unayestahili kuwa wa kwanza kujua.

Umekuja, Chiriku.

Nyumba iko kimya. Mkaza mjomba wako amekwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mkono, nami nikaona nafasi hii niifanye siku za ukimya, kama tulivyokuwa tukifanya na mtawa. Sipokei wageni, sisikilizi redio, nakaa asubuhi na jioni. Jumapili, nimekaa kwa utulivu wa kawaida, sikusubiri chochote, naapa kwamba kwa mara moja sikusubiri, nikaona upande wa kushoto uzi wa dhahabu ukichora upinde na kuzimika. Ukachora tena. Nikasogeza jicho kidogo chini ya kope, ukang'aa zaidi, kama cheche za fundi wa kuchomelea ukiziangalia kutoka mbali, ambako sauti haifiki. Sikuufuata. Nilibaki na pumzi kama nilivyokufundisha wewe, na nilijivunia kidogo, Mungu anisamehe.

Toka siku hiyo hauniachi. Baada ya cheche yakaja madoadoa meusi laini, yanaelea na kuzunguka, kama majani ya chai ukikoroga kikombe. Nikitazama mbinguni yanatazama nami. Jana nilikuwa uani, nimesimama, macho wazi, na uzi wa dhahabu ukapita juu ya ukuta wa jirani. Nililia, Chiriku. Mzee mzima nimesimama na beseni mkononi, nalia.

Najua utaniuliza. Nilikuambia macho yawe yamefumbwa. Nimelifikiria hilo kwa makini. Kanuni ile ni ya wanaoanza. Naona kwa mtu aliyekaa miaka mingi mpaka ukuta wa kati ya ndani na nje umechakaa, kama goti la suruali, mwanga ukipata pa kupita unapita.

Leo kuna jambo jipya. Upande huohuo wa kushoto, chini, kuna kivuli laini kinapanda. Si cheusi, ni cha kijivu, kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Mguu wa meza umeingia ndani yake. Kiti nacho kimeingia nusu. Vitu vinaondoka kimoja kimoja bila kelele. Mtawa alisema iko siku ulimwengu hukunjwa na kuwekwa pembeni. Siogopi. Niko kama mtu aliyelala kwenye mashua isiyo na makasia na anajua inakokwenda.

Nilitaka ujue kwamba mlango upo.

Mjomba wako


13 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sitaulizia goti leo, nisamehe.

Barua yako imenifikia leo mchana, wakati wa chakula. Niliisoma nikafurahi mpaka Twiga akauliza nimepata nini. Halafu nilipofika kwenye madoa meusi nikapunguza mwendo, na kwenye pazia nikaisoma tena tangu mwanzo. Sikujua kwa nini nimeingiwa na baridi. Dereva wa hospitali alikuwa anashusha vikapu. Nikamuuliza kama mzaha tu, "Mtu akiona cheche upande mmoja wa jicho, kisha vidoa vinaelea, kisha pazia, hiyo ni nini?"

Akaweka kikapu chini. Huyu mtu haweki kikapu chini bila kusema neno la kipuuzi, lakini leo alikiweka kimya. "Nani huyo?"

"Mjomba wangu."

"Yuko hospitali gani?"

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani anafanya nini? Mama mkwe wangu aliona hivyohivyo. Walisema uchovu. Pazia lilipofika katikati, jicho limekwenda. Mpeleke leo. Usiseme kesho."

Nilikimbia kwenye simu ya ofisi, nikapiga kwa fundi viatu jirani yenu. Alikwenda kukuita, akarudi akaniambia, "Mwalimu anasema yuko kwenye ukimya, uandike." Nikamwambia amwambie ni habari ya jicho. Akacheka. "Jicho la mwalimu zima, amenisalimia tangu kwenye kona." Mkaza mjomba hayupo. Msimamizi hanipi ruhusa kabla ya Jumamosi. Basi naandika, na barua hii nampa kondakta wa basi mkononi.

Mjomba, sidhani ni ishara. Nadhani ni jicho. Nimejaribu kuyajibu yale maswali matatu kwa niaba yako, nikashindwa kwenye la kwanza na la pili. Unauona macho wazi. Hauondoki ukiinuka. Uko upande mmoja tu, na akili haina upande wa kushoto.

Ningetoa kitu chochote kuwa nimekosea. Nimeomba upate mwanga wako, na sasa ni mimi ninayekuja kuuzima. Nikasirikie ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali. Nenda leo. Ukisoma sentensi hii, vaa viatu.

Jumamosi nisiposikia neno, naja mwenyewe.

Mpwa wako,
Chiriku


22 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo. Ni mimi mkaza mjomba wako, maana mwandishi wa nyumba hii amelala kifudifudi na kalamu haiandiki kuelekea juu. Najua fundi viatu alikupigia Ijumaa kukuambia tuko hospitali na usikimbilie basi. Alinieleza ulivyolia. Sasa nikupe habari kamili.

Nilirudi Ijumaa mchana. Mkono wa dada unaendelea vizuri, ahsante. Mjomba wako alinipokea kwa furaha, akanikalisha, akanimiminia chai. Chai ikaenda kwenye kitambaa cha meza.

"Unamimina wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kikombe."

"Kikombe gani?"

Akatabasamu. Akaniambia kuna pazia. Nikamwambia pazia nililifua kabla sijaondoka na liko dirishani. Akasema hili ni jingine. Akaanza kunieleza, unamjua, tangu kwenye chemchemi. Mimi nikachukua mto wake niutoe juani nikimsikiliza kwa sikio moja, na chini ya mto nikaikuta barua yako. Imefunguliwa, imekunjwa vizuri. Ilifika Jumanne. Tangu Jumanne alikuwa ameikalia.

Niliisoma nimesimama. Sikumwambia kitu. Nilimvalisha viatu kama mtoto, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto, na hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa, maana huyu mtu hubisha hata akikubali.

Daktari alisema ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho ilichanika, ikawa inabanduka kama karatasi ya ukutani iliyoingiwa na unyevu. Zile cheche ni ngozi ikivutwa. Walimpasua Jumamosi. Wamemtia kiputo cha hewa ndani ya jicho ili kiibane ngozi mahali pake, na kwa kuwa hewa hupanda juu, lazima yeye atazame chini. Anakula akitazama chini, analala akitazama chini, anajibu salamu za wauguzi akitazama viatu vyao. Anawajua wote kwa viatu. Daktari anasema angekuja barua ilipofika, jicho lingerudi karibu lote. Sasa litarudi kiasi. Kiasi gani, tutaona.

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilikuwa na maneno tangu nyumbani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikasema moyoni, lakini leo mkuu ndiye kavunjika kwa kutosikia la mdogo. Nilipomwona kichwa kimelazwa kwenye mto wenye tundu la uso, mabega yametoka kama ya mvulana, nikaacha.

Jana akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. "Mwambie Chiriku nilimkasirikia. Lakini sikudhani amekosea. Nilijua tangu mstari wa pili."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

"Nilitaka siku chache zaidi."

"Siku chache zaidi za nini?"

Nilikaa pale nikimtazama kisogo. Miaka yote nimemcheka kwa kukaa kwake, na sikujua kama alikuwa anatamani hivyo. Nilidhani ni kitu cha kupitisha asubuhi.

Usijilaumu, na ule.

Mkaza mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umeruhusiwa kugeuka, na kwamba mkaza mjomba anakusomea hii polepole, bila kuongeza maneno yake.

Mashuka yenu ya hospitali, yale ya wodi ya macho, nadhani yamepita mikononi mwangu wiki hizi. Sina hakika, mashuka yote ni sawa yakishafuliwa. Lakini kila shuka la hospitali nililikung'uta kama la kwako.

Nataka ujue kwamba sijakaa tena tangu siku ile. Mto nimeukunja, nimeuweka juu ya kabati. Nikifumba macho naona umesimama uani na beseni, unalia kwa furaha, na nyuma yako naja mimi. Najua nilifanya lililopaswa. Kulijua hilo hakunisaidii. Wewe ulinipa mwanga wangu na kunituliza nisiogope, mimi nimekupokonya wako. Naona haya kukaa mahali ambapo wewe hukufika.

Usiharakishe kujibu. Daktari akuruhusu kwanza.

Mpwa wako,
Chiriku


30 Aprili

Chiriku, mpwa wangu,

Marahaba, na uisamehe mistari hii inayopanda mlima. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, jicho la kulia likiongoza na la kushoto likifuata kama mtu aliyelazimishwa kuja arusini. Mkaza mjomba wako mzima, anakusalimu, na anakanusha kwamba huongeza maneno.

Habari ya jicho kwanza. Sehemu ya juu inaona, kama kwa dirisha lililonyeshewa. Ya chini haioni, na daktari hakunidanganya kwamba itaona. Ngazi nashuka nimeshika ukuta. Siku zile nilizoikalia barua yako zilichukua sehemu hiyo, nami ndiye niliyezitoa, si wewe. Kinyozi hajinyoi, Chiriku. Nilikuwa na maswali matatu ya kumuuliza kila mtu, nikajitafutia kanuni ya nne ya kuniondoa mimi. Lile jicho lilikuwa linagonga mlango likiomba msaada, nami nikalikaribisha kama mgeni wa heshima, nikalikalisha, nikalisifu.

Lakini nisikilize, maana hili ndilo nililotaka kukuandikia. Hukunipokonya kitu. Nimelala kifudifudi muda wa kutosha kulipima. Ile furaha ya uani ilikuwa kweli, machozi yalikuwa ya maji na chumvi. Ilikuwa imekosea nyumba tu. Kwa hiyo shusha huo mto kutoka juu ya kabati. Huwezi kuacha kula kwa sababu mjomba wako alikula chakula kibovu.

Sasa nikueleze kuhusu kulala kifudifudi. Dunia ya chini ina mambo mengi. Nilivijua vigae vya sakafu ile kama nilivyokuwa nikizijua ramani. Fagio lilipita asubuhi kama mvua. Muuguzi mmoja alikuwa na viatu vinavyolia, na nilijifunza kutambua hasira yake kwa kisigino. Siku hazikuwa na vipande, zilikuwa kitu kimoja kirefu, chenye joto, na mimi ndani yake, kama mtu aliyesahauliwa kwenye maji ya kuoga. Halafu daktari akaniambia: ukiona cheche yoyote, mwanga wowote, niite hapohapo. Hebu fikiria. Kile kitu nilichokisubiri maisha yangu yote kikawa kitu ninachoomba kisitokee. Nikawa nakaa, kama kulala vile ni kukaa, na kwa mara ya kwanza nikafumba macho nikitaka giza tu. Giza lilikuja. Lilikuwa jema. Sikuwa najua kwamba giza lina ukarimu namna ile, halikuulizi umefikia wapi.

Mkaza mjomba wako alikuwa anakaa kando yangu kwenye kigoda, ameshika mkono wangu nisije nikageuka usingizini. Saa nyingi, hana cha kufanya, hawezi kufuma kwa mkono mmoja. Nikamwambia aangalie pumzi yake, ili kupitisha muda tu. Akasema pumzi yake imejipumua vizuri miaka yote bila kuangaliwa. Lakini nadhani alichoka kukataa. Tuliporudi nyumbani, daktari akitaka bado nilale vile saa za mchana, tukaendelea hivyo kila siku, mimi chini na yeye kwenye kigoda.

Juzi akasema, "Mwalimu."

"Naam."

"Umewasha taa?"

"Nimelala kifudifudi. Nitawasha kwa mguu?"

"Basi kuna kitu cheupe."

Chiriku, mwili wote ulinisisimka, na si kwa furaha. "Macho umefumba au umefumbua?"

"Nimefumba."

"Kiko upande gani?"

"Hakina upande."

"Hebu fumbua. Unaona nini?"

"Nakuona wewe," akasema.

Sikuridhika. Jana nilimpeleka kwa daktari yuleyule, yeye ananiongoza njia na mimi ndiye ninayempeleka. Daktari alimtia matone, akammulika, akamwangalia kila upande. Akasema ana macho ya msichana na akatuuliza tumefuata nini. Sikujua nianzie wapi, na kwa mara ya kwanza sikuanza.

Njiani nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wewe wiki tatu. Yeye bila hata kuutaka, juu ya kigoda, akinisubiri mimi nisigeuke. Niliutafuta wivu pale unapokaa siku zote, nikapapasa, nikakuta mahali pamefagiliwa. Au karibu pamefagiliwa. Vumbi kidogo lilikuwepo.

Leo mchana ulimjia tena. Nikaona ni wajibu wangu kumweleza kama nilivyokueleza wewe. Nikamwambia kuna kosa moja ambalo watu wote hulifanya, na kosa hilo ni kuufuata.

"Nani aufuate?" akasema, akiachia mkono wangu. "Nimeacha sufuria jikoni."

Akaondoka. Nikasikia kandambili zake zikienda, kifuniko kikiinuliwa, kijiko kikigonga ukingo. Nikabaki pale nikipumua.

Mjomba wako